Jiko Kubwa la Bibi Speciosa

Jumanne, mwezi wa kwanza. Cedar Hill, Texas.

Mbingu imenuna tangu asubuhi. Upepo unatoka kaskazini, ule wa kupita ndani ya koti kama hujavaa kitu, na simu inasema Ijumaa huenda tukapata barafu. Nimetoka kazini saa moja asubuhi, sijalala, na usingizi wenyewe hata siutaki. Nimejifungia kwenye chumba cha kufulia nguo, nimekalia kapu, kompyuta iko magotini. Ni mahali pekee katika nyumba hii ambapo hakuna mtu atakayeniuliza nina nini.

Nina aibu. Wacha niandike hivyo hivyo bila kuzunguka.

Nimemkosesha mama mzee joto ndani ya nyumba yake, kisha nikamfanya aniambie asante.

Nitaanza mwanzo, maana nikianzia mwisho nitafunga kompyuta nilale. Katika jumuiya yetu ya Kikatoliki kuna mama mmoja Mrundi anayeitwa Speciosa. Sisi sote tunamwita Bibi, hata sisi Wakenya tuliozoea kusema cucu na dani, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyojitambulisha. Kiswahili chake alikipata kambini Tanzania, alikolea watoto, na ni Kiswahili cha adabu mpaka mimi nikizungumza naye najisikia kama mtu wa sokoni. Anaishi Garland na binti yake Jeanine, ambaye kazi yake ni ya zamu kwenye bohari moja huko. Nyumba yao ni ya mbao, ya zamani, dari iko chini, sebule na jikoni ni kitu kimoja. Ukikohoa chumbani mtu wa jikoni anakuambia pole.

Ile baridi kali iliyokata umeme Texas nzima ilimkuta Bibi peke yake. Jeanine alikuwa amekwama kazini, barabara zote ni kioo. Bibi alijifunga vitenge vyote alivyokuwa navyo, akaingia kitandani na viatu. Hakuumia, Mungu ni mwema, lakini kitu fulani hakikurudi mahali pake. Kila majira ya baridi yakikaribia, Jeanine anasema, mama yake anaanza kuuliza habari za hali ya hewa tangu alfajiri, na siku ikitangazwa barafu anamshika mkono asiende kazini.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, tulikuwa kwake kwa sala. Ukafika wakati wa kila mtu kutaja nia yake. Watu wakataja makaratasi ya uhamiaji, mitihani ya uuguzi, watoto wasioshika dini. Bibi akasema yeye anaombea moto. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeomba kitu cha kitoto. Akasema kama angekuwa na moto wake mwenyewe ndani ya nyumba, wa kuni, usiotegemea waya wa mtu, asingeogopa tena.

Nani alisimama? Mimi. Nani alisema, "Jumuiya, hili tunalimaliza kabla ya Krismasi, niachieni mimi"? Ni mimi. Wanaonifahamu wanajua hayo maneno mawili. Niachieni mimi. Ndiyo yaliyonifanya mwenyekiti, na wakati mwingine nafikiri ndiyo yatakayoandikwa kwenye kaburi langu.

Watu walichanga. Wengine wanalala saa chache kati ya kazi mbili, na walichanga. Nilikuwa nikipita kwenye maegesho ya kanisa, mtu ananishika mkono ananiachia kitu kidogo, anaondoka bila kungoja ahsante. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, lakini nitalifikia.

Mume wangu, Baba Wambui, na mimi tulikwenda kwenye duka la majiko ya chuma, upande wa nje kidogo wa Fort Worth. Kabla ya hapo tulikuwa tumepitia kwa Bibi na futi ya kupimia. Baba Wambui alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukapima sebule, tukapima vyumba, tukapima hata urefu wa kwenda juu mpaka darini. Nilifanya hesabu mara mbili. Mimi ni nesi, napima dawa za watu, sikosei vipimo.

Na dukani kulikuwa na karatasi. Kila jiko lilikuwa na karatasi yake iliyosema linatosha nyumba ya ukubwa gani. Kulikuwa na jiko dogo jeusi, la miguu mifupi, mlango wake wa kioo una ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Karatasi yake ilikuwa kana kwamba imeandikiwa nyumba ya Bibi. Tena sehemu kubwa ya mwaka Texas si baridi. Mtu anahitaji moto wa siku chache tu.

Kando yake kulikuwa na lile lingine.

Aki, lile lingine lilikuwa zuri. Pana, limesimama kifua mbele, mlango wa kioo unaokuonyesha moto wote kama televisheni. Karatasi yake ilisema ni la nyumba zaidi ya mara mbili ya ile ya Garland. Chini, kwa maandishi madogo, walionya usichukue jiko kubwa kuliko nyumba. Jiko la kuni hutaka kuwaka kwa nguvu ndipo liwake safi. Likiwa kubwa mno utalazimika kulibana hewa ili usiive, na likibanwa kuni haziungui, zinafuka. Moshi unapanda kwenye bomba na kuacha masizi yanayonata kama lami, kioo kinakuwa cheusi, na siku moja yale masizi yanaweza kushika moto humo humo kwenye bomba. Baba Wambui aliyasoma hayo kwa sauti, polepole, kama anasoma somo la pili kanisani.

Kwa hiyo nilijua. Nataka nisikwepe hapo.

Nilijua, halafu nikaona picha. Niliiona kichwani kabla haijapigwa. Jumuiya nzima imesimama sebuleni kwa Bibi, wanawake kwa vitenge, na katikati yetu kale kajiko, kamefichwa na magoti ya watu. Nikasikia sauti za watu wa jumuiya ya Irving. Hawa walikuwa wamemnunulia padri wao kiti cha ngozi kinachojilaza chenyewe, picha zikazunguka mpaka Kenya zikarudi. Nikawasikia wakisema, "Michango yote ile, ndiyo haka?" Nikasikia na wetu wakisema pia, kwa sababu nawajua, na kwa sababu mimi ningekuwa wa kwanza kusema.

Baba Wambui akaniuliza, "Sasa mama, tunapasha joto nyumba ya Bibi au tunapasha kanisa?"

Nikamwambia anibebee mkoba.

Siku ya kulifunga lile kubwa, fundi wa duka alisema jiko hilo haliwezi kukaribia ukuta, lazima liachiwe nafasi kila upande. Kwa hiyo sofa ya Bibi ikasukumwa mpaka mlango wa jikoni, na meza ndogo aliyokuwa akiweka sanamu ya Bikira Maria ikahamia chumbani. Chumba cha watu kikawa chumba cha jiko. Niliona. Nikasema, "Bibi, sasa una nyumba ya kizungu!" Watu wakacheka.

Kwao Burundi zawadi hupokewa kwa mikono miwili. Jiko la chuma huwezi kulipokea kwa mikono. Basi Bibi alilisogelea, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akainama hivyo kwa muda, kisha akageuka akapiga makofi taratibu na kutushukuru mmoja mmoja kwa jina. Nilipiga picha hapo. Nikaiweka kwenye grupu la jumuiya zote kabla hata hatujala. Mtu wa Irving aliandika, "Jamani, mmetuweza." Nilisoma hayo maneno mara ngapi sijui. Niliyasoma hata nikiwa kazini chooni.

Baada ya hapo tukawa tunakwenda kumsalimia Jumamosi baada ya Jumamosi, zamu kwa zamu. Tunapiga simu kwanza. Huku ndivyo tulivyozoea, huwezi kumwangukia mtu nyumbani, labda amelala baada ya zamu, labda hayuko. Nyumbani kwetu Nyahururu mtu akipiga simu kuuliza kama anaweza kuja, unafikiri kuna msiba. Huku asipopiga ndiyo unafikiri kuna msiba.

Kila tulipofika, moto ulikuwa unawaka. Tunaingia, tunavua makoti, tunavua masweta, mtu anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. "Woi, joto kama Mombasa!" Tunacheka. Bibi anatuletea chai ya moto katika joto hilo, tunakunywa huku jasho linatiririka, naye anakwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma ulio wazi, anasema anapunga hewa kidogo, uzee. Tunapiga picha na moto nyuma yetu.

Kioo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Mimi, mtaalamu, nikamwonyesha jinsi ya kukisafisha kwa gazeti lililoloweshwa na majivu kidogo.

Alikuwa ameanza kukohoa pia. Mimi, nesi, nikamletea tangawizi na asali. Nikamuuliza kama anapata hewa vizuri, nikamsikiliza mgongoni, nikamwambia ni mafua ya msimu, ajifunike, asikae kwenye upepo. Nilimwambia asikae kwenye upepo! Na mlango wa nyuma uko wazi nyuma yake, na mimi ndiye niliyemtoa mbele ya moto wake.

Leo asubuhi nilikuwa na sufuria moja akilini. Ile kubwa ya pilau, niliiacha kwa Bibi Jumamosi, na naihitaji. Nimetoka kazini, simu imezima, chaja imebaki kwenye kabati. Nikajisemea, Garland iko njiani, nitabisha hodi, nitachukua sufuria, dakika tano.

Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, nikasikia miguu inavutwa sakafuni.

Alifungua akiwa amevaa koti lake refu, kofia ya sufu, soksi mbili na blanketi mabegani. Nyuma yake nyumba ilikuwa baridi. Sikukosea, nilihisi usoni nilipoingia. Kulikuwa na hita ndogo ya umeme mbele ya sofa, ile nyekundu ya kupasha vidole tu, na kikombe kando yake.

Na jiko lilikuwa limepambwa.

Lilikuwa limetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha vishada pembeni. Juu ya kitambaa, maua ya plastiki. Katikati ya maua, Bikira Maria. Kando ya Bikira Maria, picha ya Jeanine siku aliyoapishwa uraia. Lilikuwa meza. Lilikuwa meza nzuri sana, iliyopangwa na mtu aliyejua haitawashwa leo wala kesho.

Bibi aliona macho yangu yalikokwenda. Sijawahi kuona mtu mzee akienda haraka hivyo. Alikusanya maua, akamkumbatia Bikira Maria, akavuta kitambaa, vyote kifuani, anatafuta pa kuviweka. Huku anasema, "Nisamehe mwanangu, nisamehe, moto umezimika sasa hivi tu."

Niliweka mkono juu ya chuma. Kilikuwa baridi kama sakafu. Ndani kulikuwa kumefagiwa, hakuna hata chembe ya jivu.

Nikasema, "Bibi acha, mimi nakaa kidogo tu, nimekuja kuchukua sufuria."

"Hapana, mama mwenyekiti. Hawezi mtu wa jumuiya akaja akakaa kwenye baridi, na jiko mmenipa."

Akapiga magoti. Mwanamke wa umri wa mama yangu alipiga magoti mbele ya jiko nililolichagua mimi, akavunja vijiti, akapanga kuni, akapuliza. Nilitaka kumsaidia, akaniambia keti. Nikaketi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ninao, kila mtu anajua ninao. Nikaketi.

Moto ulishika. Haukuchukua muda mrefu, chumba kikaanza kuwa kizuri, kisha kikawa cha kuvua sweta, kisha kikawa kile cha Jumamosi zetu. Bibi akabana tundu la hewa ili upungue. Kioo kikaanza kufifia kwa moshi. Alipofungua mlango wa jiko aongeze kijiti kidogo, moshi ukamrudia usoni, akakohoa kikohozi kile kile nilichokipa tangawizi. Akasimama, akajifunga blanketi vizuri, akasema anapunga hewa kidogo. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye ngazi.

Nilimwona kupitia dirishani. Amejikunyata, kofia ya sufu, upepo unachezea ncha ya blanketi. Mimi nimekaa ndani kwa nguo za kazi, jasho linanitoka, mgeni wa heshima, namaliza moto wote peke yangu.

Hayo ndiyo maisha yake ya Jumamosi zote tangu kabla ya Krismasi. Tunapiga simu, anaondoa Bikira Maria, anawasha, tunafurahi, anakaa nje. Tukiondoka anazima, anafagia, anatandika kitambaa. Na siku nyingine zote anavaa koti.

Jambo lililo baya kuliko jiko nimelifanya baada ya hapo. Nilitoka kule nyuma nikasimama kando yake, na nilikuwa na nafasi nzuri kabisa, hakuna mtu mwingine, hakuna simu, hakuna kamera. Nikasema, "Moto mzuri sana, Bibi."

Akaniangalia. "Asanteni kwa jiko, mwanangu. Mungu awabariki. Wasalimie jumuiya."

Nikachukua sufuria yangu nikaondoka. Nililia kwenye maegesho ya duka la matairi, na hata huko nililia kidogo tu kwa sababu kulikuwa na mtu anaangalia.

Nyumbani nilimkuta Baba Wambui anakunywa chai. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, koti mwilini. Akanivutia kiti. Nilitaka aseme kitu ili nigombane naye. Nikaketi mezani, nikachomeka simu kwenye chaja yake, nikaanza kuandika kwenye grupu. Nimeandika hivi, "Ndugu wapendwa, tumsifu Yesu Kristo. Kumetokea kosa dogo la vipimo kuhusu jiko la Bibi wetu." Nikampa asome, maana huwa ananisahihishia.

Akasoma. Akaniwekea simu mezani.

"Vipimo gani? Wewe ulipima sawa. Mimi ndiye nilishika futi."

"Sasa unataka niandike nini?"

"Mimi sitaki kitu. Nasema tu ulipima sawa."

Nilimwakia. Nikamuuliza kwa nini hakunizuia siku ile dukani, kama yeye ndiye mwenye akili. Akasema, "Nilikuzuia lini ukazuilika, mama?" Bila hasira. Akaendelea na chai yake. Nilichukia ile chai.

Nilifuta ujumbe. Nikaanza kufikiri kama mwenyekiti, yaani nikaanza kutafuta mlango wa nyuma. Tukilibadilisha jiko, watu watajua Bibi alilalamika. Hakulalamika, lakini watajua hivyo. Kwa watu wake, kurudisha zawadi ni kama kumtemea mtu mguuni, na Jeanine atakuwa hana pa kuweka uso. Kwa hiyo, kwa heshima ya Bibi, nikaona labda tuliache. Februari haiko mbali. Baridi ya Texas haikawii kuisha. Mwakani tutaona. Niliipanga hoja hiyo vizuri, ikapendeza, nikakaribia kulala nayo.

Kisha nikakumbuka Ijumaa. Barafu ikija na umeme ukikatika, ile hita ndogo itakufa, na Bibi atabaki na jiko lisilowezekana kukaa nalo chumba kimoja. Atachagua moshi au atachagua ngazi za nje. Na kile kifua nimekisikiliza mwenyewe. Nikasema, wewe, heshima ya Bibi au ya kwako? Nilijiuliza kwa sauti, Baba Wambui akainua macho akayashusha tena.

Nikampigia fundi kwanza, kisha Bibi. Simu ilikuwa imejaa chaji sasa, sina kisingizio.

"Bibi, nimekukosea."

"Umekosa nini mwanangu? Umesahau kifuniko cha sufuria?"

Karibu nicheke. Karibu niseme ndiyo, kifuniko, nitakuja kukichukua. Nikashika ukingo wa meza.

"Jiko ni kubwa kwa nyumba yako. Siku tunalinunua nilijua ni kubwa. La kukufaa lilikuwa pale pale, nikaliacha. Nilitaka lionekane kwenye picha."

Nikamsikia anaziba simu kwa mkono ili akohoe. Nilingoja aniambie hapana, ni zuri, Mungu awabariki, kama ilivyo kawaida yake. Nilikuwa hata nimejiandaa kumkatalia.

"Ni kubwa," akasema.

Nikasema ndiyo, Bibi.

"Ni kubwa, mama. Linanitoa kwangu." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayetua mzigo, na mimi nikajua kwamba mzigo huo nilimtwisha mbele za watu, nikapiga makofi.

Nikamwambia nimeshaongea na yule fundi, amesema Alhamisi anaweza kuja, alitoe hilo na bomba lake afunge lile dogo. Gharama yoyote ni yangu, jumuiya haitaguswa. Hilo kubwa litapata nyumba yake, kuna watu wana nyumba kubwa zisizo na joto. Nikamwambia nitawaandikia watu ukweli.

"Watasema nimekataa zawadi yao."

"Watasema mimi ni mtu wa sifa. Na watakuwa sahihi."

Akacheka. Kicheko kifupi, kikakatwa na kikohozi, lakini alicheka. Nikamwomba asiliwashe tena mpaka fundi aje, na kesho tutakwenda kwa daktari kuangaliwa kifua, siyo tangawizi yangu. Akasema sawa. Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa naaga.

"Mama Wambui."

"Naam, Bibi."

"Tangu Noeli nasali rozari kila siku, namwomba Mama Maria alete mtu mmoja. Mmoja tu. Aje bila kupiga simu."

Nilisema "Bibi" tu, naye akaniambia nikalale, nimefanya kazi usiku mzima.

Sijalala. Nimekuja humu kwenye kapu la nguo. Ujumbe nimeuandika upya, na neno picha limo, na neno sifa limo, na neno nilijua limo. Kabla sijautuma nilifuta "nilijua" mara moja, nikalirudisha. Nimetuma. Wameusoma wengi, naona alama. Hakuna aliyejibu bado, hata wale wanaojibu "Amina" kwa kila kitu.

Ninawafikiria wote walionishika mkono pale kwenye maegesho ya kanisa. Nao walitaka Bibi apate joto. Walinipa hilo jambo moja nilibebe, nikalibeba mpaka mbele ya kamera nikalishusha hapo. Sijui nitawatazamaje Jumapili. Nitawatazama tu, nadhani. Hakuna namna nyingine ya kuingia kanisani.

Nimekuwa nikiwatembelea wagonjwa, wazee, wajane wa jumuiya hii muda mrefu, na kila mara naondoka na picha inayoonyesha wako vizuri. Leo najiuliza ni wangapi kati yao waliokuwa wamefagia majivu kabla sijafika, na wangapi walitandika kitambaa nilipotoka.

Kesho nikitoka kazini nitapitia Garland. Sitapiga simu.